Mwenyeji ni Mgebuka

Siku hizi hapa Ujiji mtu anaweza kushuka kwenye basi la Kahama Jumatatu, Jumanne akakodi fremu pale Mwanga, Jumatano ukaenda kununua kwake kipande cha sabuni akakuuliza, "Mzee, wewe siyo mtu wa hapa, eeh?" Mimi! Mimi ambaye kitovu changu kimezikwa Kasimbu, baba yangu kazikwa mtaa wa pili, na bibi yangu mzaa baba alikuwa akiuza maandazi hapa kabla wazazi wa huyo kijana hawajaonana. Nikamjibu kwamba ndiyo, mimi ni mgeni, nilikuja na Stanley. Akafikiri kidogo. "Stanley yule wa vipuri vya pikipiki?"

Nikalipa sabuni yangu nikaondoka, nimevimba mpaka mlangoni kwangu.

Kinachowafanya watuulize ni lafudhi. Sisi watu wa Ujiji Kiswahili chetu hakikimbii. Sentensi inapanda taratibu kama mtu anayepanda kilima cha Bangwe. Ikifika juu inapumzika, inatazama ziwa, ndipo inateremka huku imeshikilia irabu ya mwisho isije ikadondoka. Mtu wa mjini mwenye haraka zake anakuwa ameshajibu kabla hujamaliza kuuliza. Na akisha kujibu, anakuuliza kwenu ni wapi.

Kiswahili hicho hatukukiokota njiani. Watu wa pwani na Waarabu walikuja nacho katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na, tusifichane, ya watumwa. Wamanyema walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wengine kwa hiari yao, wengine shingo zikiwa kwenye minyororo. Waha wakateremka kutoka milimani. Wabembe, Wagoma, Waholoholo, Watongwe, Warundi, kila aliyefika ufukweni alitia neno lake moja akaondoka na mawili. Nenda leo Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, utamkuta mzee amekaa barazani anasema kama mimi, analalamika kama mimi, na bila shaka naye ana mpangaji anayemsahihisha.

Kwa hiyo mtu akijiita mwenyeji asilia wa Ujiji, mpe kiti kwanza, mpe na maji, halafu muulize babu yake alifika na msafara wa nani. Wa kwangu alikuja amebeba mzigo wa mtu mwingine kichwani, akautua, akakataa kuunyanyua tena. Huo ndio uenyeji wetu, na sioni aibu. Mbona hata sahani yangu ya mchana haina mwenyeji? Muhogo wa ugali asili yake ni Amerika ya Kusini. Embe lilitoka Asia. Mchikichi unaotupa mawese umetoka magharibi ya bara hili. Aliye wa hapa kwa haki ni mgebuka, kwa sababu huyo hapatikani katika ziwa lingine lolote duniani isipokuwa Tanganyika. Bahati mbaya hasemi. Angesema, tungejua lafudhi sahihi ya Kigoma ni ipi na kesi ingeisha.

Na hao wa Kigoma mjini wasinitazame kwa dharau. Mji wao ni mtoto wa reli. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914, ikakuta ziwa, ikashindwa kuendelea. Wakati huo Ujiji ilikuwa mji mzee: Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta watu wanauza na kununua. Leo mtu wa mjini akipanda daladala kuja kwetu, kilomita hizi chache, anaaga nyumbani kwake kama anayekwenda shamba. Hata ile MV Liemba wanayoringia ni mgeni. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini hapa mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kubeba watu na dagaa kama si yeye. Imebadilisha jina, imebadilisha bendera, na hakuna aliyewahi kuiomba cheti cha kuzaliwa.

Mimi ndiye ninayeombwa.

Nilikuwa kwenye basi la Kibondo na mke wangu, tunakwenda msibani kwa shemeji zake. Kabla ya kufika Kasulu tukasimamishwa kizuizini, akapanda mkaguzi. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa kuliko barabara. Wasiojua watadhani mkaguzi wa namna hiyo anasoma vitambulisho. Hasomi. Anasikiliza. Anamsalimia kila abiria, na wewe unavyoitikia ndivyo anavyojua kama akupite au akukalie.

"Shikamoo mzee."

"Marahabaaa."

Ile irabu ya mwisho ilinitoka ndefu, sikuweza kuirudisha. Akasimama.

"Mzee, wewe ni laia wa nchi gani?"

Huyo aliyeniuliza, kwa jinsi alivyoitamka hiyo raia, alizaliwa huko Shinyanga au Simiyu au popote ambako herufi ya R haijafikishwa. Simlaumu. Lakini naomba mnielewe nilivyojisikia: mtu ambaye ulimi wake unamsema kwa sauti kuliko wangu ndiye aliyetumwa kuupima wangu.

"Wa Tanzania, baba."

"Mbona unaongea kama mtu wa ng'ambo?"

"Ng'ambo ya nini, baba?"

"Ya ziwa."

Nikamwambia kwamba kwetu Ujiji, ng'ambo ndiko waliko wajomba. Mke wangu akanifinya. Mkaguzi akaniuliza mkuu wa mkoa ni nani, nikamjibu. Akaniuliza marais, nikamtajia wote kwa mpangilio kuanzia Mwalimu, na wengine nikawataja na walikozaliwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee, hayo hata wanaotoka nje wanayakariri."

Sasa sikia. Kiti cha nyuma yangu alikaa kijana wa miwani ya jua, kofia amegeuza, spika za masikioni zinaning'inia. Alipofikiwa akasema, "Fresh kabisa mkuu wangu, nimetokea Dar, niko kwenye mishe tu hapa." Akapitwa. Hakuulizwa hata jina. Lafudhi ya Dar es Salaam ikiingia mahali hupewa kiti. Ya kwangu huambiwa isubiri nje. Tukaendelea na safari, na tulipokaribia Kasulu simu ya kijana ikaita. Akaipokea kwa Kirundi. Kirundi kile kitupu, kisicho na Kiswahili hata cha dawa, kutoka Kasulu mpaka Kibondo. Mke wangu ni Mha wa Kasulu. Lugha yao na hiyo ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo alisikia kila kitu. Nikamuuliza anasema nini. "Anaongea na mama yake. Mama anamuuliza kama amekula."

Sikutaka kijana ashushwe, Mungu shahidi. Mtu mwenye mama anayemuuliza kama amekula hana madhara. Nilitaka tu na mimi nipitwe.

Huo mpaka wenyewe ukiutazama vizuri unachekesha. Babu zetu wote, wa huku na wa Burundi, walikuwa wa Mjerumani mmoja. Mwaka 1916 Mbelgiji akaichukua Kigoma. Mwaka 1919 Mwingereza mmoja aitwaye Milner na Mbelgiji mmoja aitwaye Orts wakakaa wakagawana: Ruanda na Urundi kwa huyu, sisi kwa yule. Mbelgiji hakuondoka Kigoma mpaka 1921, na alipoondoka alijiwekea eneo lake bandarini ili mizigo ya Kongo ipite, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Nionyesheni mwenye nyumba mmoja wa Mwanga anayekubali bei hiyo. Kwa hiyo babu yangu, bila kutoka barazani, alilala wa Mjerumani, akaamka wa Mbelgiji, akala chakula cha mchana akiwa wa Mwingereza. Lafudhi yake ilikuwa ile ile asubuhi na jioni. Aliyemzika aliniambia hata shahada aliitoa kwa kuvuta irabu.

Ndiyo maana ninapomkumbuka yule Stanley ambaye si wa vipuri, huwa nakasirika upya. Watalii wanakuja kila mwaka pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wanapiga picha na miembe inayosemekana kuwa ni wajukuu wa ule mwembe wenyewe, wanafurahi kwamba hapa ndipo wazungu wawili walipokutana mwaka 1871. Hawajiulizi walikuwa watu wa wapi. Livingstone alikuwa Mskoti. Stanley ndiye kesi. Kazaliwa Wales, kwa jina jingine kabisa, kakulia katika nyumba ya kulelea maskini, akakimbilia Marekani, akachukua jina la watu, na wakati anaingia Ujiji na bendera ya Marekani mbele alikuwa anawaambia watu kwamba yeye ni Mmarekani. Jina la kuazima, uraia wa kuazima, na lafudhi, mtu akijitahidi hivyo, haiwezi kukosa kuwa ya kuazima. Akakaribishwa, akapewa mahali pa kulala, akala. Hakuna mzee wa Ujiji aliyempandia kwenye basi.

Tuyaache ya Stanley, twende Kibirizi, maana huko ndiko lafudhi inakogeuka kuwa pesa taslimu.

Ukitaka kujua thamani yako katika mji huu, nenda mwaloni Kibirizi boti zinapofika, simama pembeni ya mama mmoja muuza migebuka, nyamaza, sikiliza. Mimi nilisimama. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, mbele yake turubai la bluu, migebuka imepangwa vichwa upande mmoja, ngozi zinametameta, na kidumu kilichotobolewa kifuniko anachonyunyizia maji kila nzi akikaribia. Mafungu yote yalikuwa sawa. Nasema sawa kwa sababu niliyahesabu, samaki kwa samaki.

Akaja mama wa kutoka Mwandiga, beseni kichwani. Muuzaji akamsalimia kwa Kiha, wakaulizana watoto, wakaulizana mihogo, fungu likaenda kwa elfu nne. Akaja mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo, kitenge cha nguvu begani. Hapo hapo yule mama akageuza ulimi: "Papa, kuya uone! Iko samaki muzuri, bei haiko mubaya!" Wakavutana, wakacheka, wakapigana vikumbo vya maneno, elfu tano. Halafu akaja bwana mmoja amening'iniza kitambulisho cha kazi shingoni, mmoja wa wale waliokuja na mashirika tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 na hawajaisha mpaka leo. "Habari yako dada, hii inakwendaje?" Mama akanyoosha mgongo, akasafisha koo, akatoa Kiswahili cha taarifa ya habari. "Karibu sana bosi. Elfu kumi tu, na mfuko nitakupatia bure."

Bosi akalipa akashukuru kwa mfuko.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na raha, nikijua mimi ni mtu wa nyumbani. Kumbe nimevaa shati jipya aliloniletea binti yangu kutoka Dar. Mama akaliangalia shati, akaniangalia mimi, akaliangalia tena shati.

"Elfu nane, baba."

"Elfu nane! Yule umemuuzia elfu nne."

"Yule ni mwenyeji."

Nikasema basi, na mimi nitakuwa Mha. Nimeoa Kasulu zaidi ya nusu ya umri wangu, siwezi kushindwa. Nikamtolea "Mwakeye" yangu, nikaivuta kidogo mwishoni ili inoge. Yule mama alicheka mpaka ndoo ikataka kumwangusha. Akaita majirani zake. "Jamani njooni msikie Mha wa Ujiji!" Wakaja. Wakaniomba nirudie. Nikarudia, mjinga mimi, nikidhani bei itashuka. Nililipa elfu saba, na sijui kama ile elfu moja niliyopunguziwa ilikuwa ya samaki au ya burudani.

Ajabu ni kwamba huko Dar, Kigoma ina bei. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya huku, akina Diamond, Ali Kiba, Mwasiti, Linex na Baba Levo, walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars wakatoa wimbo kwa jina la Kiha, *Leka Dutigite*. Ukapigwa kila mahali. Ghafla kila mtu Kariakoo ana shangazi Kigoma. Nilifurahi, sikatai, nilikuwa nacheza kitako nikiwa nimekaa. Lakini nikiwasikia baadhi yao wakihojiwa redioni, Kiswahili ni kile kile cha Tandale. Asili tunapewa, sifa tunapewa, na mwisho wa reli tunaitwa kwa mahaba. Lafudhi yetu ndiyo haijapata hata nauli ya treni. Mchekeshaji yeyote akitaka kuwachekesha watu kwa kuigiza mtu wa huku, anavuta maneno, anajifanya mshamba aliyepotea stendi, ukumbi unaanguka. Na mimi, kwa aibu yangu, nacheka. Anaiga vizuri, mshenzi.

Sasa nije kwa huyu ninayekaa naye.

Nyumba yangu ina chumba cha uani. Alikuja kukipanga binti mmoja mwalimu, katoka Temeke, kapangiwa shule ya huku. Wanafunzi wanamwita Madam, basi na sisi wote tukamwita Madam. Binti ana adabu, shikamoo haimpiti mtu, kodi analipa kwa wakati. Kasoro yake ni kwamba kazi haiachi shuleni. Wiki ya kwanza tu, mjukuu wangu kasema jirani ana kuku mingi. Madam akiwa anafua: "Siyo mingi, ni wengi." Mjukuu akamtazama kwa huruma, akamwambia kuku wa jirani ni wa Mkongo, wanahesabika kwa Kikongo. Mke wangu akasahihishwa. Muuza mkaa akasahihishwa. Siku moja nikasahihishwa mimi, mwenye nyumba, mbele ya wageni.

"Babu, samahani. Kwa Kiswahili sanifu hatusemi hivyo."

Nikamwita akae. Nikamwambia, Madam mjukuu wangu, hicho sanifu unachokisema kilichaguliwa mwaka 1928 huko Mombasa, watu wamekaa mkutanoni wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi. Sijasikia kuwa kuna mtu alipanda treni kutoka Ujiji kwenda kuulizwa maoni, na wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeshatembea kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka hapa, kimevuka ziwa, kimefika Kongo, na kimerudi. Akanisikiliza vizuri sana. Akaniambia, "Ni kweli Babu. Lakini kwenye mtihani watakosa."

Hapo sikuwa na jibu. Bado sina.

Basi wajukuu wakaanza kubadilika. Wakawa wanasema kama redio. Nikaanza kuwaza kwamba huo ndio mwisho, nitakufa na irabu zangu na hakuna wa kurithi. Ila sikuwa nimemtazama Madam mwenyewe. Mtu anafua na kina mama kisimani, anapanda daladala za Mwandiga, anagombania foleni ya mawese, anafundisha watoto sitini kila mmoja na kabila la nyumbani kwake. Nikaanza kumsikia. Mwanzo "jamaniii" moja, nikadhani kachoka. Halafu sentensi zikaanza kupumzika juu. Juzi mjukuu kamuuliza chaki ziko wapi, naye, bila kuinua macho kwenye madaftari, kasema haziko, ziliisha, na akaiacha hiyo "ishaaa" ikae hewani kwa muda ambao hata mimi siuruhusu.

Jumapili mama yake kapiga simu kutoka Temeke. Tuko wote barazani, simu iko kwenye spika. Mama kamsikiliza kidogo, kisha: "Wee mtoto, mbona umekuwa Mkongo? Nilikupeleka kufundisha au kufundishwa?" Madam kaapa kwamba hajabadilika, ni mtandao wa simu. Akanigeukia mimi. "Babu, hebu msalimie mama, umwambie naongea kawaida."

Nikainama kwenye simu. "Mama, hujambooo? Mtoto wako ni mzima kabisaaa."

Kimya. Halafu sauti ikatoka Temeke, kali kama pilipili: "Na huyo Mkongo ni nani?"

"Ni mwenye nyumba, mama."

Tangu hapo Madam haniambii tena habari za sanifu, ingawa wajukuu bado anawabana, maana mtihani ni mtihani. Na kwa kuwa Kibirizi sasa wanamwita "mwanetu", yeye ndiye anayetununulia migebuka ya nyumba nzima. Wanampa fungu kwa elfu nne. Mimi ananidai elfu sita, na nikimuuliza hiyo elfu mbili ya nini, ananijibu kwa lafudhi yangu mwenyewe kwamba ni ya bajajiii.